Tundu la Mwanga

"Unaona nyota?" baba yake aliuliza kutoka nje, akicheka.

Binti alikuwa amejikunyata ndani ya sanduku la vifaa walilolijenga nyuma ya lori lao kuukuu, kabla ya kuingiza droo. Baba, fundi seremala, alikuwa amemfungia kwa ufunguo ili atafute matundu. Panapopita mwanga, mvua nayo hupita.

"Sioni hata moja, Baba. Hata sisimizi hapiti!"

"Ndiyo mkono wako huo, mama. Misumeno yangu haitaota kutu tena."

Kisha kitu kizito kikaanguka mlangoni kwa kishindo, na lori likatikisika.

"Baba?"

Akagonga mlango kwa ngumi.

"Baba, fungua basi. Acha utani, moyo utanipasuka."

Joto lilipanda. Pumzi yake mwenyewe ilimrudia usoni. Mpira wa kuzuia maji aliupachika yeye asubuhi, akaushindilia kuzunguka mlango mpaka dole gumba likachubuka. Sasa aliupapasa gizani, akatoa kisu mfukoni, akaanza kuukata.

Kipande kikatoka. Mwanga mwembamba ukaingia. Akaweka jicho pale.

Aliona kiganja cha baba yake kimelala wazi juani, na ufunguo katikati yake.