Kipande cha Katikati

Nungunungu alitamani kuitembea njia yote ya mlimani, kutoka chemchemi ya juu hadi ziwani. Kwa kuwa hakuiweza kwa safari moja, aliigawa vipande, akawa anatembea kimoja kila kiangazi. Alianza na cha ziwani, mwaka uliofuata akapanda chemchemini, kisha akaendelea kurukaruka hivyo.

"Mbona hufuati mpangilio?" jirani yake Kwale alimuuliza.

"Kila kipande kina wakati wake," alijibu.

Hakusema kwamba kipande cha katikati kilipita mlangoni kwa kaka yake. Wawili hao waligombania pango la marehemu baba yao mpaka wakaacha kusemezana.

Miaka ikapita, kikabaki hicho kimoja tu.

"Achana nacho," Kwale akamshauri. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua," alisema Nungunungu, akaondoka.

Alinuia kupita kimyakimya, lakini miiba yake ililia alipokaribia pango.

"Karibu, mdogo wangu," sauti iliita kutoka ndani.

Kaka yake alikuwa amezeeka, na macho yake hayakuona tena.

"Shikamoo, kaka. Umenijuaje?"

"Marahaba. Niliambiwa umepita kule chini, kisha nikaambiwa umepita kule juu. Nikajua imekubakia njia ya hapa kwangu, nikaanza kukungoja."

Nungunungu akaingia, akaketi karibu naye. Kiangazi chote alikaa hapo, na Kwale alipomuuliza baadaye kama amemaliza njia, alisema bado, wala hakuona haya.