Baraza Lisilokauka

Walikuwepo watu wanne: mwenye nyumba, ambaye kazi yake ni kupima ardhi; mkewe; mama mkwe, mjane aliyekuja kuwatembelea kidogo kisha akaona hakuna haraka ya kurudi kwake; na fundi wa mbao. Wote walisimama nyuma ya nyumba wakilitazama baraza la mbao, na baraza lilikuwa limelowa tena.

"Mvua haijanyesha," alisema mpima ardhi.

"Haijanyesha, mkuu," fundi alikubali. Alipiga goti, akapitisha kiganja juu ya ubao kama mzazi anayepima homa ya mtoto. "Lakini mbao zimekunywa maji. Nikizipaka mafuta leo yatabaki juu juu, yanate kama gundi. Tuziache zikauke. Nitarudi."

"Hilo sina shaka nalo," alisema mpima ardhi.

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Taka zilizonasa kati ya ubao na ubao hukwanguliwa; ukungu wa kijani husuguliwa kwa brashi na maji ya sabuni; misumari iliyochomoza hugongwa ikarudi mahali pake; kisha mbao huachwa zikauke kabisa ndipo zipakwe mafuta. Fundi alikuwa amekwisha kuyafanya yote hayo, na kwa ustadi. Kilichoshindikana ni kukauka tu. Kila siku aliyopanga kuja na kopo lake la mafuta, mbao ziliamka zimelowa.

Mtu wa vipimo huona umbali hata asipotaka. Mpima ardhi aliona jinsi mkewe na fundi walivyosogeleana waliponong'ona pale bombani, na jinsi walivyonyamaza alipotokea. Aliona bilauri za wageni zikitolewa kabatini kwa ajili ya maji ya fundi. Aliona pia, kwa uchungu, kuwa fundi alikuwa mrefu, mgongo umenyooka, na ndevu zake za mvi zilichongwa vizuri mno. Mvi ambazo kwa mwingine zingekuwa uzee, kwake zilikuwa pambo. Alikwenda kujitazama kwenye kioo, akalivuta tumbo ndani. Alipopumua, likarudi.

"Fundi gani huyu asiyemaliza kazi?" alimwuliza mkewe jikoni.

"Mwache jamani. Mtu mwenyewe mpole."

"Upole wake umeujulia wapi?"

Mkewe aliangua kicheko. "Makubwa! Yaani mume wangu ana wivu?"

"Sina wivu. Nina baraza linalooza."

"Haya, bwana baraza. Vuta subira, utayajua yote."

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Utayajua yote! Yapi hayo?

Aliyekuwa upande wake, kwa kadiri alivyoona, ni mama mkwe peke yake. Huyo hakumpa fundi nafasi ya kupumua. Aliweka kiti chake karibu kabisa na kazi, akasimamia kila ubao.

"Pale hujasugua, fundi."

"Nimepasugua, bibie."

"Kwa hiyo mimi sioni? Rudia."

Na fundi alirudia, bila kununa. Mpima ardhi alifarijika kumsikia akisulubiwa hivyo. Ila hakumkazia macho mama huyo hata mara moja, maana alilelewa kumheshimu mkwe. Kila mama alipokuwepo aliinamisha kichwa, akawa anatazama mbao tu.

Siku fundi alipotarajiwa tena, mpima ardhi aliamka alfajiri akakuta upande wa pili wa kitanda hauna mtu. Akanyata hadi mlango wa nyuma. Mkewe alikuwa amesimama kizingitini, ndoo tupu mkononi, na baraza zima linachuruzika maji.

"Hii ndoo si..." mkewe alianza.

"Usiseme kitu. Tutasema akija."

Alikaa sebuleni na nguo zake za kulalia, akipanga maneno yake moja baada ya jingine kama vigingi vya mpaka. Miaka yote ya ndoa yao sasa ilikuwa imening'inia kwenye mpini wa ndoo. Akimkubali huyu, alijiambia, nitaondoka mimi.

Fundi alifika na kopo lake, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Shati la pasi, kwa kazi ya kupaka mafuta! Mpima ardhi akatoka nje. Wote wanne wakawa barazani.

"Twende kwa utaratibu," alisema. "Wewe fundi, kusanya brashi zako, usirudi tena hapa. Nawe mke wangu, sema mbele ya mama yako aliyekuzaa: unanitaka mimi, au unamtaka huyu?"

Mkewe akamtazama mama yake. Fundi aliweka kopo chini taratibu.

Mama mkwe akainuka kitini. Kwa hasira aliyokuwa nayo, mpima ardhi alisahau adabu, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aje. Alikuwa amepaka wanja.

"Ndoo ni yangu," alisema mama mkwe, akaenda kusimama ubavuni mwa fundi, akamkung'uta vumbi begani. "Na brashi hazikusanywi, mwanangu. Mimi na mwenzangu tumeshaamua: tunaoana mwezi ujao, tutahamia chumba kile cha uani, nawe utamwamkia shikamoo kila asubuhi."