Mkono Usiopokelewa

Kaveri, nyati wao wa maziwa, alikuwa amelala ubavu zizini tangu alfajiri. Kwato mbili za ndama zilikuwa zimechungulia na kukataa kusogea, na Dhondiba alikuwa anafunga ubinda aende kwenye mieleka.

"Unaenda kweli?" mkewe Sakhubai akauliza.

"Daktari Kelkar si ameshapigiwa simu? Mimi nitafanya nini hapa, nipige mieleka na nyati?"

Sakhubai hakucheka. Nyati walikuwa naye huyo mmoja tu. Maziwa ya Kaveri, pamoja na lozi na samli, ndiyo yaliyoujenga mwili wa Dhondiba. Bila yeye angekuwa karani huko mjini Kolhapur. Alimpenda kuliko alivyothubutu kumwambia mkewe. Lakini mieleka ya kijiji ni mara moja kwa mwaka, na Kelkar, kibabu cha miwani, alikuwa ameshavuta nusu ya ndama wa kijiji kwa kile kimkono chake chembamba. Dhondiba akajiambia atarudi kabla baiskeli ya Kelkar haijafika. Sisi wapiga mieleka huchuchumaa na kusimama mara elfu kila asubuhi. Akili hushuka mapajani, na kupanda tena haipandi.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Unazunguka uwanja wa udongo mkono umeunyoosha; atakayeupokea ndiye mpinzani wako. Miaka sita hakuna aliyeupokea wa Dhondiba. Nyumbani alisema wanamwogopa. Moyoni alijua wanamhurumia: miaka hamsini na miwili, kitambi kimetangulia, goti moja linalia kama mlango.

Alikuwa mzunguko wa pili, ngoma zinarindima, mkono wake ulipodakwa.

Akageuka. Kijana pande la mtu, pekupeku, suruali ameikunja, ananuka dawa. Ya kuchulia misuli, Dhondiba akadhani.

"Mzee Dhondiba?"

"Ndimi."

Kijana akasema na lingine, ngoma zikalimeza. Dhondiba akaona akimpa nafasi ajipange, ataumbuka mbele ya kijiji kizima. Vijana wa siku hizi, akawaza, hata suruali hawavui. Akauvuta mkono ule ule aliopewa, akaingia chini ya kwapa, akambwaga kama dobi anavyobwaga shuka jiweni. Kijana akaanguka chali, na bega lake likalia ko.

Watu wakapiga mayowe. Wakamvika Dhondiba kilemba cha ushindi, na machozi yakamtoka, maana hata yeye hakuamini. Ngoma zilipotulia akainama kumwinua mpinzani wake, kama ilivyo adabu.

"Umejitahidi, mwanangu. Umefunzwa na nani?"

Kijana akatema udongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa unaning'inia tu.

"Kelkar amestaafu, mzee," akasema. "Mimi ndiye daktari mpya. Nilikuwa naomba tu unionyeshe njia ya zizini."