Mabati ya Mwaitu

Wingu lilipotanda juu ya Mukuyuni, watu walitoka nje kushangilia. Mwongeli yeye alipanda juu ya nyumba ya mama yake, akaanza kung'oa mabati.

"Ngai! Wewe msichana umerogwa?" Mama yake, Mbula, alisimama chini ameshika kichwa. "Mvua ndiyo hiyo inakuja, na wewe unafungua nyumba?"

"Mwaitu, mama yangu, ni ya leo tu. Nitayarudisha."

"Unayapeleka wapi?"

"Chuo. Ukuta wangu utayeyuka."

Mbula akashusha mikono kichwani. Habari za ule ukuta alizijua kuliko hata habari za kanisa. Mwongeli alikuwa akisomea ujenzi wa kijani katika chuo cha ufundi kilicho ng'ambo ya barabara. Majirani walimtania: "Hizo nyumba mnazipaka rangi gani, ya sukumawiki?" Naye akawaeleza mpaka mate yakamkauka. Kijani si rangi, jamani. Ni kujenga bila kukata miti ya kuchomea matofali, kwa udongo wa papo hapo, na kuelekeza madirisha kwenye upepo ili nyumba ipoe yenyewe hata jua la Februari likiwaka.

Kueleza alijua. Lakini mwaka jana ukuta wake wa mtihani ulipasuka katikati, ukaanguka, naye akaanguka nao. Chuo kilimpa nafasi moja tu, ya mwisho. Akipita, kule Ikutha kuna kazi ya kujenga madarasa inamngoja. Asipopita, basi tena, arudi kuvunja kokoto kando ya barabara.

Safari hii aliukanyaga udongo kwa miguu yake mwenyewe, akauchanganya na nyasi na samadi mpaka magoti yakagoma. Akafyatua matofali, akayakausha juani bila kuyachoma, akayajenga. Ukuta ukasimama wima, unapendeza. Wanafunzi walipomaliza, mwalimu Nyamai aliwaambia, "Sasa mtu asiguse ukuta wake tena. Mtihani utakuja wenyewe." Wakaelewa ni wakaguzi kutoka Nairobi, wale wasiopiga hodi. Wakangoja, mkaguzi haonekani. Na sasa mvua hii! Jumapili kanisa zima lilipiga magoti kuiomba. Mwongeli peke yake aliomba icheleweshwe, na aibu ikamzuia hata kusema amina.

"Toa," Mbula akasema mwishowe. "Toa hata ya upande wa kitanda. Mimi nitajibanza jikoni." Akaanza kuburura godoro na gunia la mbegu za pojo kuelekea kibanda cha jikoni, bila kumtazama tena bintiye.

Mwongeli alisukuma mkokoteni huku upepo ukimtia vumbi machoni. Chuoni alimkuta Munyao, mwanafunzi mwenzake, amekaa barazani anatafuna mahindi.

"Wee Mwongeli! Mwalimu alisema tusiguse!"

"Alisema tusiguse. Hakusema tusifunike. Kuja unisaidie!"

"Mimi nilisikia tusiguse."

"Basi kaa hapo uone wako ukigeuka uji!"

Aliegemeza mabati pande zote za ukuta, mengine akayalaza juu, akayakandamiza kwa matofali yake yaliyobaki. Mvua ikashuka kwa hasira. Upepo ukainua bati moja, likamchana kiganja. Akalirukia, akalilalia kwa kifua, mikono ameitandaza, damu na maji vikimtiririka hadi kwenye viwiko.

"Baba wa mbinguni, huu tu," alilia. "Huu tu, sikuombi kingine."

Ng'ambo ya barabara nyumba yao ilikuwa ikichuruzika tope jekundu. Kuta zake za zamani hazikuwahi kuonja mvua kutoka juu. Ule wa chumba cha kulala ukainama, ukalala chini. Mwongeli akafumba macho, akazidi kulikumbatia bati.

Mvua ikakatika ghafla, kama kawaida ya mvua za huku. Hata maji hayajaisha kutiririka, mwalimu Nyamai akaingia getini mbiombio, gambuti miguuni.

"Haya, haraka," alisema. "Alama zinatakiwa Nairobi kesho."

Mwongeli akajiinua kutoka kwenye bati. Kumbe hakuna mkaguzi, ni mwalimu mwenyewe! Nyamai alianza na ukuta wa Munyao. Ulikuwa umelika chini, kona moja imebomoka. Mwalimu akachuchumaa, akapima majeraha ya ukuta kwa vidole, akausukuma kwa bega.

"Umelika, lakini umesimama," alisema. "Umepita."

Mwongeli akacheka peke yake, meno yakigongana kwa baridi. Ikiwa lile gofu limepita, ukuta wake je?

Mwalimu akamjia. Aliinua tofali moja lililokuwa juu ya bati, akaligeuzageuza. Lilikuwa limeloa chapachapa, lakini halikumeguka hata ukingo.

"Tofali la maana sana hili."

"Asante, mwalimu."

Akafunua bati, akapitisha kiganja ukutani. Kikatoka na vumbi kavu. Akamtazama Mwongeli alivyolowa, akautazama mkono wake unaovuja damu, kisha akaitazama ile nyumba isiyo na paa ng'ambo ya barabara. Akavua kofia.

"Mwongeli," akasema polepole, "mtihani ndio huo uliokunyeshea wewe badala ya ukuta."