Macho ya Beki

Mtangazaji aliyemtangulia Evodi alifukuzwa kwa kulia. Timu ya Majengo ilifungwa dakika ya mwisho, na redio ikarusha kwikwi zake hewani mpaka tangazo la mbegu za mahindi lilipomwokoa.

Ndiyo maana Specioza, msimamizi wa vipindi, aliweka masharti kabla mpira haujaanza.

"Nyie wachezaji mkishika maiki mnageuka mashabiki," alisema. "Mcheza kwao hutunzwa, lakini siyo kwenye redio yangu. Leo ni majaribio. Ukiegemea upande mmoja, kesho unarudi Kasansa kulima mpunga. Na maiki huiachi mpaka kipenga cha mwisho."

"Nimekuelewa, dada."

Alielewa kuliko alivyoonyesha. Goti la kushoto lilikuwa limemstaafisha kutoka ligi kuu, na halikuwa goti la kuinama majarubani. Hata hivyo hakuwa na wasiwasi. Alikuwa beki wa hesabu. Katika maisha yake yote ya mpira hakuwahi kuonyeshwa kadi nyekundu, na Specioza aliwatangazia wasikilizaji hilo hata kabla ya kulitaja jina lake.

Ilikuwa fainali, Majengo na Katumba. Meza ya redio ilikuwa pembeni mwa uwanja, katikati ya mabenchi ya timu mbili. Watu walijaa hadi kwenye mstari wa chokaa, na kila kundi lilikuja na redio yake, sauti juu. Bao lisilosemwa redioni wengi hawakuliamini, hata kama wameliona likiingia. Evodi alipofungua kinywa, maneno yake yalimrudia kutoka pande zote za uwanja. Aliipenda sauti ile.

Alitangaza alichokiona, basi.

"Beki wa kulia wa Katumba amepanda, hajarudi. Nyuma yake hakuna mtu."

Elia, winga wa Majengo, aliyekuwa akizurura katikati, aligeuka ghafla, akakimbilia hukohuko na kuitisha mpira. Bao.

Specioza aliinua kidole gumba.

Kipindi cha pili Evodi aliona jambo jingine. "Kipa wa Majengo ametoka mbali na goli lake, na jua linampiga machoni."

Mara kiungo wa Katumba akaubetua mpira kutoka katikati ya uwanja. Ukapaa, ukashuka, ukaingia. Moja kwa moja.

Specioza alifunika maiki kwa kiganja. "Kaka, wewe unaota? Kila unachosema kinatokea!"

"Macho tu, dada. Beki anaona mapema."

"Hata mganga hafiki hapo. Mkataba wako nauandika leo."

"Tusubiri kipenga cha mwisho," alijibu Evodi, kwa unyenyekevu ambao hakuwa nao.

Zikiwa zimebaki dakika chache, Majengo wakapata penalti. Obadia aliuweka mpira. Evodi alikuwa amelala chumba kimoja na Obadia kambini misimu kadhaa, na alimjua kama alivyolijua goti lake. Hapa ndipo yule mtangazaji wa kwanza angeanza kuomba dua hewani. Evodi alitoa taarifa.

"Obadia amepandisha bukta. Akipandisha bukta, wasikilizaji, anapiga chini, kushoto kwa kipa."

Methusela, kipa wa Katumba, alikwishalala kushoto kabla Obadia hajaufikia mpira. Aliudaka kwa utulivu wa mtu anayekabidhiwa mtoto.

Obadia hakushika kichwa kama wafanyavyo waliokosa. Alimkimbilia mwamuzi, akanyoosha kidole kuelekea kwenye mabenchi. Wenzake nao wakanyoosha vidole hukohuko, wote kwa pamoja, wakipiga kelele.

"Endelea, endelea!" Specioza alinong'ona. "Kuna nini?"

"Mwamuzi Ambrosi anakuja huku pembeni," alisema Evodi. "Mkono uko mfukoni. Inaelekea kuna kocha aliyetoa lugha chafu. Ni yupi, sitaki kubahatisha."

Mwamuzi alilipita benchi la Majengo.

"Siyo wa Majengo," Evodi alitangaza.

Mwamuzi akasimama kabla ya kulifikia benchi la Katumba. Alikuwa karibu sana sasa, akihema. Kadi ilipanda juu, nyekundu, na kivuli chake kikaangukia kwenye maiki.

"Wewe kocha wa timu zote mbili," alisema Ambrosi, "toka nje."

Uwanja mzima ulinyamaza, ukisubiri redio iseme.

Evodi alimtazama Specioza. Specioza aliitazama maiki. Basi Evodi akainuka, akaikumbatia maiki kifuani, na waya ukimfuata nyuma akaanza kuchechemea kuelekea getini.

"Kadi nyekundu kwa beki mkongwe Evodi," aliwaambia wasikilizaji. "Anatoka sasa, na mashabiki wa Majengo wanamzomea. Wa Katumba wanampigia makofi. Kwa macho yangu, mwamuzi yuko sahihi." Na hata hapo hakuegemea upande wowote.