Marahaba ya Mzee Kombo

Zama hizo mwili ulizikwa, akili ya marehemu ikabaki nyumbani ndani ya kompyuta. Kompyuta ya Mzee Kombo ilikuwa imechoka: bintiye Riziki akimwamkia asubuhi, marahaba huja magharibi.

Dukani Riziki akachagua mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kali kuliko zote, ya kukimbizwa kupita kiwango.

"Dada, chukua ya mwendo wa binadamu," fundi alimsihi. "Hii humkimbiza aliyemo na miaka yake, si sauti tu."

"Nifungie hiyohiyo. Baba hakuwa kobe."

Ikafungwa, ikakimbizwa mpaka feni zikavuma.

"Shikamoo, ba—"

"Marahaba!"

Riziki akacheka na machozi, akaenda kuteleka chai. Alirudi hata haijachemka.

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa imechakaa. "Riziki? Miaka yote hii nakuita, mwanangu. Nikajua nawe umekufa."