Jina la Mtumishi

Walipofika mbele ya picha, Mwaro aliwaambia jamaa zake kumi na wanane wavue kofia. Wakavua. Karibu wote walikuwa wamevaa fulana nyeupe alizowachapishia yeye mwenyewe: UKOO WA MTUMISHI MWAMINIFU.

Picha hiyo ilitundikwa sebuleni mwa nyumba kongwe ya mmisionari, karibu na Jilore, ambayo sasa ni makumbusho. Mtu mweusi amekaa kitini, Mzungu amesimama kando yake. Chini pameandikwa: Mmisionari na mtumishi wake, jina halijulikani.

Mwaro alilijua. Yule alikuwa Lewa, babu yake mzaa baba. Kwa miaka minne, tangu astaafu ualimu mkuu, alikuwa akiandika barua kuomba jina hilo liwekwe. Husema mwenyewe kwamba hata mkewe hakumwandikia barua nyingi hivyo wakati wa uchumba.

Wageni wa makumbusho walipomuuliza mbona aliyekaa ni mtumishi, aliwaeleza kuwa mmisionari yule alikuwa mnyenyekevu mno. Hakuna jambo linalomshinda mwalimu kueleza, anakiri leo, hasa lile asilolijua.

Shangazi yake Mbeyu, binti pekee wa Lewa aliyebaki hai, ndiye aliyeikataa fulana.

"Baba hakuwa mtu wa kutumwa," alisema.

"Shangazi, utumishi si aibu," Mwaro akamjibu. Kisha akafungua hotuba yake ya kurasa sita, akasifu jinsi babu alivyopika, alivyofua na alivyoitika kila alipoitwa. Kwenye ukurasa wa tano alilia kidogo.

Afiya, mhifadhi wa makumbusho, alimngoja amalize. Kwa simu alikuwa amemwambia tu kwamba jina limethibitishwa. Sasa akaeleza kuwa wajukuu wa mmisionari wameleta shajara yake kutoka Ulaya, na siku ya picha ile imeandikwa humo. Akamuuliza kwa upole kama angependa aisome kwanza peke yake.

"Wasomee wote, binti yangu," Mwaro akasema, kifua mbele. "Kwa sauti."

Afiya akasoma:

"Leo nimepiga picha na mwenye nyumba wangu, Bwana Lewa. Amekubali nibaki katika chumba cha nyuma hadi mvua ziishe, ila ameonya kwamba nikichelewa tena kumchotea maji ya kuoga, nihame."